Mwalimu wa Mbooni na Madoa ya Jua

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi, na keki yenye picha ya wingu. Nawashukuru. Saa nimeitundika jikoni, blanketi mume wangu amelichukua bila kuuliza, na wingu nililila mwenyewe. Katikati ya hotuba mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonisumbua kuliko zote katika miaka yangu ya kutabiri hali ya hewa. Nikamwambia ni hadithi ndefu na pilau inapoa. Sasa pilau imekwisha na muda ninao, kwa hivyo nawaandikia.

Habari za vyeo mtanisamehe. Vyangu vilikuja kama mvua za Machi huku kwetu, vikichelewa na vikiwa haba, na hakuna nilichojifunza kwavyo.

Naitwa Mumbua. Kwa Kikamba mbua ni mvua, na mtoto akizaliwa inanyesha hana njia ya kulikwepa jina hilo. Nilipofika kituo cha Kitui mara ya kwanza, mlinzi wa langoni aliliangalia jina kwenye barua yangu akasema, "Wewe hata kama hungesoma, wangekuandika." Nilikuwa nimesoma, tena kwa shida, lakini nilimwachia furaha yake.

Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Kilonzo, mtu mwembamba aliyevaa sweta hata Februari. Hakunionyesha ofisi wala choo. Alinipeleka moja kwa moja hadi kwenye kipimamvua, ule mtungi wa chuma uliochimbiwa nyasini, akaniambia nisome.

"Mzee, mvua haijanyesha tangu Mei."

"Nimekuambia usome. Mambo ya Mei sijakuuliza."

Nikafungua, nikatoa chupa ya ndani, nikaiinua machoni. "Hakuna kitu," nikasema. "Kuna buibui tu."

"Buibui hatumpimi. Andika sifuri. Mtu ambaye haandiki sifuri siku ya jua, siku ya mvua hakuna atakayemwamini."

Tuliandika sifuri hadi Oktoba. Nilidhani nimeajiriwa kuchunga hewa.

Kifaa nilichokipenda ni kile kinachopima jua. Wengi wenu mmekikuta stoo, kwa sababu siku hizi kazi hiyo inafanywa na mitambo isiyo na uzuri wowote. Ni tufe la kioo kama gololi kubwa, limekaa kwenye kitako chake uwanjani, na nyuma yake kuna ukanda wa karatasi ngumu. Jua likiwaka, tufe linakusanya miale na kuchoma mstari kwenye karatasi. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni unatoa karatasi na siku nzima iko hapo mbele yako, imeandikwa kwa moto. Wiki yangu ya kwanza nililifuta vumbi nikasahau mkono nyuma ya kioo. Mzee Kilonzo alisikia nikiguta akachungulia dirishani.

"Limekuchoma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Sasa mmejuana."

Kwake ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza habari za madoa ya jua. Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne. Madoa hayo ni sehemu nyeusi juani, zenye baridi kuliko sehemu zinazozizunguka, ingawa kwa baridi hiyo chuma kingeyeyuka. Katika mzunguko wa miaka kumi na moja hivi yanaongezeka, kisha yanapungua, kisha yanaanza tena. Mzee alinieleza kwamba zamani, enzi za wakoloni, wataalamu waliona maji ya Ziwa Victoria yakipanda na kushuka pamoja na madoa hayo. Wakafurahi sana. Wakadhani wamepata ufunguo wa mvua ya Afrika Mashariki. Halafu ziwa likaacha kufuata.

"Liliachaje?" nikamuuliza.

"Liliacha tu. Hesabu ilikuwa nzuri mpaka siku ilipokataa."

"Lakini Mzee, si jua ndilo linaleta mvua?"

Akainua mandazi yake. "Jua linaleta kila kitu, hata hii. Swali ni kama yale madoa yanajua Kitui iko wapi."

Nilicheka, nikasahau. Sikujua kwamba swali hilo litanirudia nikiwa na nywele za mvi, tena redioni, mbele ya kaunti mbili.

Miaka ikapita. Nilihamishiwa Makueni, nikarudi Kitui, nikaenda tena Makueni. Satelaiti zikaja na simu zikaja. Sehemu kubwa ya kazi yangu ikawa kukaa na watu: wakulima wa ndengu, machifu, akina mama wa vikundi vya kuweka akiba, wachungaji wa kanisa wanaotaka kujua kama wakodi hema. Wote wana swali moja, mvua itanyesha au haitanyesha, na wote wanachukia jibu langu. Nilikuwa nikisema, "Kuna uwezekano mkubwa wa mvua katika baadhi ya maeneo." Mama mmoja kule mjini Wote aliniambia nazungumza kama mtu anayedaiwa.

Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa na dakika zangu kwenye redio moja ya Kikamba, na mtangazaji alikuwa Mwende, mwanamke mchangamfu ambaye angeweza kukifanya hata kipimajoto kicheke. Ijumaa moja mwezi wa Septemba akanipigia kabla ya kipindi.

"Madam, kuna mtu Mbooni anatabiri dhoruba kwa kuangalia jua. Wasikilizaji wanamtaka. Wanasema ndiye alisema ile mvua ya mawe ya mwaka jana."

"Ni mganga?"

"Hapana. Ni mwalimu wa fizikia. Amestaafu."

Mganga ningemweza. Mwalimu wa fizikia aliyestaafu ni kitu kingine.

Nilipanda Mbooni Jumamosi hiyo. Mnaijua barabara ile. Bodaboda iliniacha mahali ilipochoka, nikamalizia kwa miguu kati ya maparachichi na mahindi. Mwalimu Muia nilimkuta uani kwake, amevaa kofia ya majani, ameelekeza darubini ndogo juani. Hakuwa anachungulia, la sivyo angekuwa kipofu zamani. Alikuwa ameacha mwanga upite kwenye darubini na kuanguka juu ya kadibodi nyeupe, na pale kwenye kadibodi palikuwa na jua lenyewe, mviringo kama sahani ndogo, na juu yake madoa manne au matano kama ndengu zilizomwagika.

Nawaambia ukweli, nilisimama pale nikasahau nilichokuja kusema. Maisha yangu yote nimefanya kazi na jua na sikuwa nimewahi kuliona uso.

"Karibu, Madam wa mvua," akasema. "Nilijua utakuja."

"Madoa yamekuambia?"

"Mwende amenipigia."

Mke wake, Mama Katunge, alituletea chai na viazi vitamu, akakaa nasi, akasema anafurahi kuona mtu mwingine amekuja kumsikiliza mzee, maana yeye masikio yamechoka. Mwalimu akanieleza nadharia yake. Jua linajizungusha, karibu mwezi mmoja kwa mzunguko. Kundi kubwa la madoa likitazama dunia, linalipuka na kurusha upepo wake kwetu, na siku chache baadaye anga la juu linatikisika na dhoruba inaanguka. Alikuwa ameandika miaka mingi ya madoa na mvua.

"Na zile siku madoa yalikuja na mvua haikuja?" nikamuuliza.

"Zipo. Lakini ukiangalia vizuri, mvua ilinyesha mahali."

"Mahali wapi?"

"Mahali kati ya hapa na Garissa."

"Mwalimu, kati ya hapa na Garissa siku zote mtu analowa."

Mama Katunge akacheka hadi akashika meza. Mwalimu hakukasirika. Alimenya kiazi, kisha akasema jambo lililoniuma kwa sababu lilikuwa kweli. "Na wewe, Madam, ukisema kuna uwezekano katika baadhi ya maeneo, utakosea lini?"

Tulibishana mpaka jua likatoka kwenye kadibodi. Nilimwambia kwamba tofauti ya nguvu ya jua lenye madoa na lisilo na madoa ni ndogo mno, kwamba bahari inapopata joto au kupoa kule mashariki ndiyo inatuamulia msimu, kwamba dhoruba inahitaji unyevu, joto na upepo unaokutana, na vyote vitatu tunaviona kwenye picha za satelaiti. Aliniambia satelaiti inaniambia kilichopo, yeye anatafuta kitakachokuwa. Mwishowe tukakubaliana kitu kimoja tu. Msimu wote wa mvua za Oktoba hadi Desemba, kila Ijumaa, kila mmoja atasema redioni: mahali gani, siku gani, mvua kubwa au hakuna. Hakuna "mahali fulani" na hakuna "baadhi ya maeneo". Wasikilizaji watapiga simu kusema kilichoanguka kwao.

Bosi wangu aliposikia aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia mtu huyu tayari anasikilizwa, na nikikaa kimya ataendelea kusikilizwa peke yake.

Nilianza vibaya. Wiki ya pili Mwalimu alisema dhoruba Mbooni Jumatano. Mimi nilisema kavu. Jumatano alasiri mawe ya barafu yakaanguka Mbooni, yakachana majani ya migomba kama vitambaa. Nilikuwa soko la Wote nikinunua nyanya, na mama wa nyanya akanitambua kwa sauti.

"Si wewe ndiye wa redio?"

"Ndimi."

"Pole," akasema, akaniongezea nyanya mbili.

Wiki zilizofuata mambo yalianza kunyooka upande wangu. Mwalimu alikosa mara mbili mfululizo, mimi nikapata. Lakini mvua ya mawe ina sauti kubwa kuliko hesabu. Watu hawakumbuki wiki uliyosema kavu ikawa kavu. Kule Mbooni wapo waliokuwa wakingoja tarehe ya Mwalimu ndipo wapande, wakati udongo ulikuwa umeshalowa na mbegu inalia. Hapo ndipo kicheko kilipoanza kuniisha. Huku kwetu ukichelewa kupanda juma moja, unaweza kuvuna majani matupu.

Na Mwalimu hakuwa na wasikilizaji wa Mbooni tu. Kila Ijumaa mtu alipiga simu kutoka Mwingi, Kikamba chake kizuri chenye lafudhi ya kaskazini. Alikuwa Mzee Adan, mfanyabiashara wa mbuzi. Babake alihamia Mwingi zamani, na duka lao liko karibu na pale malori ya Garissa yanaposimama. Mwanawe Ibrahim alikuwa akikusanya mbuzi upande wa Tseikuru na kuwaleta sokoni. Tangu ile mvua ya mawe, Mzee Adan alikuwa mtu wa Mwalimu kabisa.

"Madam, usikasirike," aliniambia siku moja hewani. "Wewe una kompyuta. Mwalimu ana jua. Jua ni kubwa."

Mwishoni mwa Novemba Mwalimu akaja hewani amefurahi. Jua lilikuwa safi. Hakuna doa hata moja, akasema, sahani tupu. Wiki yote itakuwa shwari, Kitui na Makueni.

Mimi nilikuwa nimeangalia picha tangu alfajiri. Unyevu ulikuwa unaingia kutoka baharini kwa wingi ambao sikuwa nimeuona msimu ule, na upepo ulikuwa unakutana juu ya kaskazini ya Kitui. Nikasema mvua kubwa vilima vya Mumoni, Jumamosi au Jumapili, na mito ya mchanga itashuka.

Kwa asiyejua mito yetu: sehemu kubwa ya mwaka ni barabara za mchanga. Watu wanachimba maji humo, mifugo inapita humo, malori yanazoa mchanga. Kisha mvua inanyesha vilimani, mbali, na mto unakuja ukiwa mzima, huku pale uliposimama wewe kuna jua kali na hata wingu hakuna. Hiyo ndiyo inayoua. Mtu haamini maji asiyoyasikia harufu.

Kipindi kilipoisha Mzee Adan akanipigia moja kwa moja. Ibrahim alikuwa karibu na Tseikuru na kundi kubwa la mbuzi na wachungaji wake. Kesho yake walitaka kushuka mtoni na kuufuata mchanga kwa mwendo mrefu, kwa sababu kingo pale ni za miiba na mbuzi hawapiti. Wanunuzi walikuwa wanangoja Mwingi.

"Mzee, asiingie mtoni," nikamwambia. "Mwambie angoje hadi Jumatatu."

"Madam, Mwalimu amesema jua ni safi."

"Nimesikia. Mimi naona mvua."

"Unaona, ama kuna uwezekano?"

Nilivuta pumzi. "Nikiwa mkweli, naweza kukosea. Lakini kama ni mwanangu, singemwacha aingie."

"Sawa," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kumaliza simu. Nilijua hajakubali.

Nikampigia Mwalimu Muia. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na nikajikuta sina hamu. Nikamweleza tu: unyevu, upepo, vilima, na kijana wa watu kwenye mchanga na mbuzi.

"Jua liko safi, Mumbua," akasema. Siku hiyo hakuniita Madam.

"Najua. Sikuombi ukane jua lako."

"Unaniomba nini basi?"

"Nakuuliza. Kama mwanao Katunge angekuwa anapita mto huo kesho, kwa sababu ya ile kadibodi yako, ungemwacha apite?"

Nilisikia akimwita mkewe apunguze redio. Kisha akaniuliza maswali, mazuri, kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtu ambaye anamtakia kufaulu. Unyevu unafika juu kiasi gani. Upepo unatoka wapi. Nina hakika kiasi gani, na nisimdanganye. Nikamjibu yote, pamoja na nisichokijua.

"Madoa yangu," akasema mwishowe, "hayajawahi kuniambia jambo la mto. Yaliniambia dhoruba. Kama hayapo, nilisema hakuna dhoruba. Lakini hilo mimi nimeliongeza." Akakohoa. "Nipe namba ya huyo mzee."

Sikusikia walichoongea. Lakini saa sita mchana Mwende alinitumia ujumbe nifungue redio. Mwalimu Muia alikuwa hewani. Alisema kwa Kikamba kilichonyooka kwamba wiki hii, kwa watu wote wa kaskazini, wasimfuate yeye, wamfuate Mumbua wa Kitui, na mtu asiingie mtoni. Mwende akamuuliza kama ameacha madoa. "Sijaacha," akasema. "Lakini mbuzi wa mtu si jaribio langu."

Mnajua watu. Kabla ya saa nane walishaanza kumtania kwamba jua limemkana. Mtu aliyekuwa nyota ya kaunti mbili alijishusha mwenyewe mchana kweupe, na hakuna aliyemlazimisha.

Jumamosi ilikucha kavu. Nilikuwa nyumbani Kitui, nikatoka nje kila baada ya muda kuangalia kaskazini kama mtu anayengoja wageni. Hakuna kitu. Mchana Mzee Adan akanipigia. Ibrahim amekaa kingoni, jua linachoma, mchanga ni mkavu, mbuzi wanakula miiba, wachungaji wanamwangalia kama mwendawazimu.

"Nimwambie nini, Madam?"

"Mwambie akae."

"Hadi lini?"

"Nilisema Jumatatu, Mzee."

"Wanunuzi wangu wameenda kwa mtu mwingine."

"Pole sana, Mzee. Akae."

Sikula vizuri jioni ile. Mume wangu aliniambia nikikosea ataniongezea nyanya mbili. Nilimwambia anyamaze, lakini nilicheka.

Jumapili nilikuwa nimetoka kanisani, nimesimama na akina mama kivulini, simu ikalia. Haikuwa sauti ya Mzee Adan. Ilikuwa ya kijana.

"Mama, mimi ni Ibrahim. Sikiza."

Akaelekeza simu mbali. Mwanzoni nilidhani ni lori linapita. Lori halikupita. Lilikuwa linaendelea na kuendelea, na ndani yake kulikuwa na kugonga, kama mtu anayepasua kuni. Ni miti, akaniambia aliporudi. Mto umeleta miti mizima. Kichwa cha maji kilikuja na povu la rangi ya chai, juu yake jua linawaka, na pale alipokuwa amepanga kupita hapakuonekana tena.

"Wachungaji wako wapi?" nikamuuliza.

"Wamekaa hapa. Wanaangalia maji tu."

"Na mbuzi?"

"Hao wanakula. Wao hawana habari."

Nilikaa chini kwenye ngazi za kanisa nikiwa na nguo zangu nzuri. Akina mama wakadhani nimepata msiba, ikabidi niwaeleze, na mmoja akaanzisha wimbo. Kisha nikampigia Mwalimu. Mama Katunge ndiye aliyeshika simu. Akasema mzee yuko uani, tangu jana hajaigusa darubini, amekaa tu anaangalia upande wa kaskazini, na kutoka Mbooni hata Tseikuru haionekani. Nikamwambia amwambie mto umekuja na watu wako salama. Nilisikia akipiga kelele uani, na sauti ya kiti kikianguka.

Msimu ulipoisha tulikaa studio, Mwende akasoma wiki zote moja baada ya nyingine. Nilimshinda Mwalimu kwa mbali, lakini wiki nilizokosa zilikuwepo, na Mwalimu alihakikisha zimesomwa polepole. Alisema hadharani kwamba kama madoa yanaathiri dhoruba za Ukambani, yeye hajaweza kuonyesha. Nami nilisema hadharani kwamba kama yanaathiri kwa kiasi kidogo kwa njia tusiyoijua, mimi pia sijaweza kuonyesha kwamba hayaathiri, ila mkulima hawezi kupanda kwa kitu hicho. Wasikilizaji walitaka mmoja wetu alie. Walivunjika moyo kidogo.

Kuhusu kazi, hivi ndivyo mambo yalivyobadilika. Mimi niliacha "baadhi ya maeneo". Nikaanza kusema wapi, lini, na nina hakika kiasi gani, kwa maneno ambayo mama wa nyanya anaweza kunishika nayo. Mwalimu alikubali nimwekee kipimamvua uani, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Mbooni anayetuma vipimo kwa uaminifu kama yeye, pamoja na sifuri zote. Darubini hakuiacha. Wakati fulani madoa yalikuwa mengi sana, akatuonya kwamba mitambo ya wapima ardhi inayotegemea satelaiti itayumba, na ikayumba kweli, wapima ardhi wakakaa chini ya mti siku nzima wakilipwa. Jua linaweza kufanya hayo, hilo hakuna anayebisha. Aliniletea habari hiyo kwa furaha ya mtu aliyefunga bao dakika ya mwisho.

Miezi michache kabla sijastaafu nilizunguka kuwaaga watu wanaotupimia mvua, na safari ikanipitisha Mwingi. Nikaingia duka la Mzee Adan. Yeye alikuwa ameenda kuswali, lakini Ibrahim alikuwepo, sasa ana tumbo na watoto, na ndiye anayeendesha biashara. Akaniletea chai ya maziwa ya ngamia na sambusa, akakataa nisimame.

Tukazungumza habari za mto. Nikamwambia, kwa majivuno kidogo, kwamba nafurahi babake aliamini zile picha zangu za satelaiti.

Ibrahim akatabasamu kwa adabu. "Mama, baba hakuamini picha."

"Basi alimwamini Mwalimu aliposema anifuate mimi?"

"Hapana. Hata hiyo hapana. Mimi sikungoja kesho, Ijumaa ileile nilikuwa nimeshafika mchangani na mbuzi wa mbele aliponipigia. Nikamwambia, baba, hapa ni kavu, hao watu wa redio wanabishana kila wiki, tutangoja wao hadi lini? Ndio akaniambia." Akaweka kikombe chini ili aige sauti ya babake vizuri. "'Ibrahim, hao wawili tangu Oktoba hawajakubaliana hata siku moja. Leo wamekubaliana. Toka mtoni.'"

Nilicheka hadi macho yakatoka machozi, na Ibrahim akacheka kwa kuniona. Kisha nikatoa simu palepale nikampigia Mwalimu Muia, nikamweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho, akacheka kile kicheko chake cha polepole.

"Kwa hivyo tulimwokoa kwa kubishana," akasema.

"Tulimwokoa kwa kuacha kubishana."

"Hapana, Mumbua. Fikiria vizuri. Kama tungekuwa tunakubaliana kila wiki, ile ya Novemba ingekuwa na uzito gani?"

"Mwalimu, hiyo si hoja."

"Ni hoja kabisa. Tena nikwambie, jua la leo..."

Ibrahim akaniongezea chai bila kuuliza. Alikuwa ameelewa kwamba simu hiyo haitaisha upesi.